Krimu Haidanganyi

Mtaa mzima ulimwita Chachu, na watu wageni walidhani ni kwa sababu ya mikate. Mikate alikwisha kuiacha zamani. Alikuwa fundi wa keki, keki tupu, na jina lile alipewa kwa ajili ya hasira zake. Ukimgusa kidogo anaumuka, anajaa chombo, anataka kumwagika. Mkewe alikuwa ameshajua dawa: humpiga neno moja la katikati, kama donge la unga linavyopigwa ngumi, hewa ikatoka, mtu akarudi kuwa mtu.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja mbele na jiko nyuma. Mbele mke anauza, nyuma mume anaoka, na katikati ya ukuta kuna dirisha dogo linalopitisha keki, vyombo vichafu na maneno ya ndoa.

Katika kazi ile yote, jambo moja Chachu hakumwachia mtu: kuandika juu ya keki. Mkewe aliweza kupaka krimu, tena vizuri. Binti yao aliweza kutengeneza maua ya sukari ukadhani nyuki watakuja. Lakini maneno yalikuwa ya Chachu. Shule aliiacha mapema, kabla dawati halijamzoea, na kalamu ikiwa mkononi mwake ilitambaa kama mtu mwenye mwiba. Umpe mfuko wa kukamulia krimu sasa! “Hongera Bibi.” “Karibuni Mapacha.” “Pole kwa Kufeli, Jaribu Tena.” Herufi zilikaa zimenyooka, zimeshiba, hakuna iliyosukumana na mwenzake.

Siri yake ilikuwa katikati. Neno lolote lile, aliweka kwanza herufi ya katikati kwenye kitovu cha keki, halafu akaenda kushoto na kulia. Na herufi yenyewe vivyo hivyo: mstari unaobeba uzito kwanza, vingine vifuate. Ndiyo maana keki zake hazikuwahi kuwa na herufi ya mwisho iliyobanwa ukingoni kama mgeni aliyechelewa kwenye mkeka.

Basi siku moja binti yake akaingia jikoni, akafunga mlango taratibu, akasimama mbali na meza.

“Baba, usikasirike.”

“Sijakasirika. Sema, nikasirike.”

Binti alikuwa mkalimani. Alisoma Kichina chuoni, akapata kazi kwenye mradi wa pampu za maji, na huko huko akapata mchumba, kijana wa Kichina fundi wa pampu, ambaye mtaa ulishambatiza Bwana Pampu. Kijana mpole, mla keki mzuri, Kiswahili chake kinaeleweka ukimsubiri. Chachu hakuwa na neno naye. Alikwisha kumpima siku ya kwanza kwa kumpa kipande cha keki kilichoungua upande mmoja, na kijana akakila chote asiseme kitu. “Huyu atamvumilia binti yetu,” Chachu alimwambia mkewe. “Au hana ulimi,” mkewe akajibu.

“Mama yake anafika Jumapili,” binti akasema. “Atakuja hapa kula nasi mchana. Nataka kuwe na keki, na juu yake maneno mawili ya Kichina. Maana yake ni amani, salama, umefika salama. Sasa... pale duka kubwa wana mashine. Unawapa picha, wanaichapa kwenye karatasi ya sukari, wanaibandika.”

Kijiko kilianguka. Kwenye dirisha dogo uso wa mama ukatokea.

“Anaumuka huyo,” mama akasema.

“Mtoto wa fundi keki ale keki ya mashine?” Chachu alifoka. “Mbele ya mkwe? Na mimi nikae wapi, chini ya meza?”

“Baba, si keki. Keki utaoka wewe. Ni maandishi tu. Yana utaratibu wake, kila mstari una zamu yake.”

“Kwa hiyo nioke, halafu kinywa changu kiwe mashine.”

“Mume wangu,” mkewe akaita kutoka dirishani, “maziwa yanachemka.”

Yalikuwa hayachemki. Lakini Chachu aligeuka kuyatazama, na alipogeuka tena alikuwa ameshuka.

Siku ile neno lilibaki kifuani mwake kama kokwa. Alijiona Jumapili ameketi mezani. Mkewe atacheka, na kicheko hakihitaji mkalimani. Binti na Bwana Pampu watakuwa wanarusha maneno huku na huku kama watu wanaopokezana matofali. Na yeye? Atakuwa kiti kimoja zaidi. Kwa mwanamke yule binti yake anakwenda kuwa mtoto, ndiye atakayemwita mama, labda ndiye atakayemuuguza siku moja mbali na hapa. Kulikuwa na jambo moja tu Chachu alitaka kumwambia: karibu kwa amani, na huyu wangu nanyi mkae naye kwa amani. Kama hilo nalo litasemwa na mashine, basi akalale mapema.

Asubuhi alimwambia binti yake, “Nifundishe.”

Binti alimtazama sana. “Mpaka Jumamosi. Ukiweza kwa utaratibu wake, ni yako. Ukishindwa naenda kwenye mashine, na hutaniwekea kinyongo.”

“Kinyongo nitakiweka,” Chachu alisema, “ila sitakuonyesha.”

Jioni, duka lilipofungwa, binti akaandika yale maneno mawili kwenye karatasi kwa kalamu nene: 平安. Chachu akaweka karatasi ukutani kwa kipande cha unga mbichi, akageuza trei ya kuokea ikaonyesha mgongo, akajaza mfuko krimu ya mazoezi, akatazama neno la kwanza kama anavyotazama mteja anayeomba bei ya jana.

Akaliona upesi. Mstari mfupi juu, vijitone viwili chini yake kila kimoja upande wake, mstari mrefu wa kulala, na nguzo moja inayoshuka katikati ikiukata ule mrefu. Kazi nyepesi! Akashusha nguzo katikati ya trei, imenyooka kama imepimwa kwa timazi. Akalaza mistari miwili. Akadondosha vijitone. Akarudi nyuma hatua moja, akafuta mikono kwenye aproni kwa madaha.

“Mpigie simu mwenye mashine,” akasema, “mwambie akafuge kuku.”

Binti hakucheka. “Umeanza na nguzo.”

“Ndiyo. Kila kitu kinaanza na nguzo.”

“Nguzo ni ya mwisho, baba. Mstari wa juu, kitone cha kushoto, cha kulia, mstari mrefu, ndipo nguzo.”

“Nyumba gani inaezekwa kabla ya nguzo?”

“Si nyumba. Ni neno.”

“Na huyo mama atajuaje nilianzia wapi? Mtu akila keki anauliza ni yai lipi lilivunjwa kwanza?”

Binti akaishika trei, akaiinamisha kuelekea taa. “Njoo utazame hapa mistari inapokatana.”

Chachu akasogea. Mstari wa kulala ulikuwa umepanda juu ya nguzo, ukajikunja kidogo pale pale, kama mtoto aliyebebwa mabegani. Nguzo ilikuwa chini yake, imelaliwa. Hapakuwa na ubishi. Cha kwanza kipo chini, cha pili kipo juu, na hata kipofu angepapasa angejua.

“Kwenye karatasi wino unazama, mtu anaweza kuficha,” binti alisema. “Krimu haidanganyi. Na huyo mama, baba, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mpaka anastaafu. Kazi yake yote ilikuwa kuwafundisha watoto mstari upi kwanza. Mwanawe anasema alikuwa akiangalia daftari lake kwa mbali anamwambia, hili umelianzia mkiani.”

Chachu aliikwangua trei. Maisha yake yote alikuwa amelaza krimu juu ya krimu, na haikumpitia akilini hata siku moja kwamba mtu anaweza kusoma humo alikoanzia.

“Mwalimu,” alinong’ona. “Ya nini sasa kuoa kwenye nyumba ya mwalimu.”

“Anayeolewa ni mimi.”

“Ndiyo hivyo hivyo.”

Wakaanza upya. Binti akampa kanuni: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, na mistari inapokatana, wa kulala utangulie wa kusimama. Kichwa cha Chachu kilikubali. Mkono ulikataa. Kila alipoinua mfuko, mkono ulielea wenyewe kuelekea katikati, kama punda anayejua njia ya nyumbani hata mwenyewe akitaka kwenda sokoni. Binti alimpiga kikofi cha vidole kila mara. Kupitia dirishani, mama aliyekuwa akihesabu sahani chafu alisikika akicheka peke yake.

Jioni iliyofuata, neno la kwanza lilipoanza kutii, wakaingia la pili. Hilo lilikuwa na kitone juu, kitone kingine kushoto, kisha paa lenye ndoano upande wa kulia. Na chini ya paa, alama ya mwanamke.

“Mwanamke chini ya paa,” binti alieleza. “Ndiyo amani.”

Chachu akapiga meza kwa furaha. “Hao watu wana akili! Mama! Umesikia? Mwanamke akikaa ndani, ndiyo amani.”

“Amani ya nani?” sauti ikatoka dirishani.

“Ya nyumba.”

“Sawa. Kesho nakaa ndani. Wewe utauza, utafuta meza, utadai wenye madeni, na yule mzee anayerudisha keki aliyokwisha kuila nusu utaongea naye wewe.”

Chachu akatazama mfuko wake wa krimu. “Twende na somo,” akamwambia binti.

Mwanamke yule wa chini ya paa alikuwa na mistari mitatu: mmoja unashuka kushoto halafu unakunja kurudi kulia kama goti, wa pili unashuka kutoka juu kwenda kushoto ukilipita lile goti, na mmoja mrefu wa kulala unaoikata yote miwili. Chachu, kwa kuwa sasa ni mwanafunzi mwenye kanuni, akalaza ule mrefu kwanza. Akapigwa kikofi.

“Nini tena? Si wa kulala kwanza?”

“Huyu hapana. Kwa huyu wa kulala ni wa mwisho.”

“Jana umeniambia kingine!”

“Jana hakukuwa na mwanamke,” mama akasema kule mbele, na binti akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la sukari.

Chachu alitaka kuumuka, akakosa pa kuanzia. Akajaribu tena. Akakosea tena. Mkono wake ulipenda ule mstari mrefu. Uliuona kama sahani ya kuwekea vingine, na fundi gani anaweka chakula kabla ya sahani?

Wiki ile akawa hafai kwa lolote. Aliandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika, kwenye mvuke wa kioo cha kabati, kwenye paja lake akiwa anasubiri keki ziive. Mkewe aliyekuwa akisikiliza kila jioni bila kutaka, alikuwa ameshaushika utaratibu mzima kama wimbo, na alipokuwa akifunga vipande vya wateja aliimba chini chini: “Kitone, kitone, paa, goti, mteremko, mlalo.” Mteja mmoja akamuuliza ni dawa ya nini. “Mume wangu yuko darasa la kwanza,” akajibu. “Mwombeeni.”

Alfajiri moja Chachu akawa anaandika kwa kidole mgongoni mwa mkewe, akidhani amelala.

“Huyo mwanamke umemwanzia vibaya,” mkewe akasema bila kufumbua macho.

Bwana Pampu naye alipita, akaonyeshwa trei. Akainama, akatabasamu. “Inasomeka, baba.”

“Inasomeka!” binti alimgeukia. “Hata hati ya daktari inasomeka, mwenye duka la dawa akitaka.”

Chachu akamtazama kijana kwa jicho la pembeni. “Hebu na wewe andika, nikuone.”

Bwana Pampu akakumbuka kuna pampu mahali inavuja.

Jumamosi mtihani ukafanyika. Binti akakaa kwenye kiti, mama akajaza dirisha kwa mabega yake. Chachu akaandika maneno yote mawili mgongoni mwa trei, polepole, midomo ikitamka. Nguzo ikaja mwisho. Mlalo ukaja mwisho. Binti akaichukua trei mpaka kwenye taa, akatazama kila mkato, akairudisha mezani.

“Mashine imekosa kazi,” akasema.

Chachu aliingia stoo, akakaa humo kidogo, akatoka na mayai ambayo hayakuhitajika.

Jumapili keki ilikuwa tayari: ya duara, krimu nyeupe iliyolainishwa mpaka taa ya juu ilijiona humo. Maneno yangekuwa mekundu, kwani binti alisema kwao nyekundu ni rangi ya furaha. Chachu alitaka kuandika dakika za mwisho, ili rangi isije ikatoa jasho kwenye nyeupe. Akashika mfuko. Akavuta pumzi. Neno la kwanza likatoka kama maji: juu, kitone, kitone, mrefu, nguzo. Nguzo ikakaa juu ya mlalo kwa adabu zote.

Akaanza la pili. Kitone. Kitone. Paa na ndoano yake.

“Gari limefika!” mkewe akaita dirishani. “Wanashuka! Mama wa watu ni mdogo hivi, sijui atakula nini!”

Chachu akainua kichwa, akakirudisha, na mkono, ule punda, ukaenda nyumbani. Ulipotulia, mstari mrefu mwekundu ulikuwa umelala chini ya paa, peke yake, umenyooka vizuri kabisa.

Akautazama kama mtu aliyekanyaga kifaranga.

Kuukwangua haikuwezekana, nyekundu kwenye nyeupe inaacha donda la rangi ya fizi. Keki nyingine haikuwapo. Nje milango ya gari ilikuwa inafungwa. Mkewe akaingia, akaona uso wake, akaona keki. Hakuuliza, wimbo ule alikuwa nao kichwani.

“Goti, mteremko, halafu ulaze mwingine juu yake,” akasema haraka. “Ufunike. Nani atajua?”

Lilikuwa ndilo neno la Chachu mwenyewe la siku ya kwanza, na sasa lilipotoka kwa mwingine lilisikika jepesi kama ganda la yai. Lakini alifunika. Goti likapita juu ya mlalo, mteremko ukapita, na mlalo wa pili ukalazwa juu ya vyote, pale pale juu ya wa kwanza. Neno likatimia. Ila mstari ule ulikuwa mnene, umevimba kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki.

Mgeni alikuwa mwanamke mfupi, nywele zake za mvi zimekatwa karibu na masikio, miwani imening’inia kifuani kwa uzi. Alimshika mke wa Chachu mikono yote miwili, wakacheka papo hapo, kama ilivyotabiriwa. Alimshika Chachu mkono mmoja, akauangalia huo mkono, akasema kitu.

“Anasema ni mkono wa kazi,” binti alitafsiri.

“Mwambie asante,” Chachu akasema, na moyoni akaona: ndiyo haya sasa, nimekuwa kiti.

Wakala chakula. Wakamaliza. Keki ikaletwa katikati ya meza.

Mwalimu akavaa miwani.

Binti aliyekuwa amesimama nyuma yake, ambaye hakujua lolote la kule jikoni, alikuwa anatabasamu kwa fahari. Mwalimu akainuka. Hakuitazama keki kwa juu kama watu wanavyotazama keki. Aliinama akaitazama kwa ubavu, jicho usawa wa krimu. Kidole chake kikaanza kutembea hewani. Juu, kitone, kitone, mrefu, nguzo. Akatikisa kichwa kukubali. Kidole kikahamia neno la pili. Kitone, kitone, paa. Goti. Mteremko. Mlalo... Kidole kikasimama. Akainama zaidi mpaka pua ikawa karibu kupakwa rangi. Akasema maneno machache.

Bwana Pampu akapata kitu cha kutazama kwenye dari.

“Anasema,” binti akaanza, “keki ni nzuri mno, na anashukuru kwa mapokezi, na...”

“Uongo,” Chachu akasema. “Maneno yake yalikuwa machache kuliko hayo. Kasema nini?”

“Baba.”

“Kasema nini?”

Binti akaitazama keki kwa mara ya kwanza kwa ubavu, akaona. Sauti ikashuka. “Anauliza kwa nini mstari huu umenenepa. Nimwambie ni urembo? Ninaweza kumwambia ni mtindo wetu wa hapa.”

Mkewe akamkanyaga Chachu mguu chini ya meza, kwa maana ya kubali. Na ilikuwa njia nzuri, ya tambarare, isiyo na kokoto. Chachu aliona tu kwamba hilo ndilo lingekuwa neno lake la kwanza kwa mkwe wake. Wiki nzima ya vikofi vya vidole, ili amwambie uongo wa krimu.

“Mwambie nilianza nao,” akasema. “Mkono ulikosea, nikauzika, nikalaza mwingine juu yake ili asijue. Mwambie hivyo hivyo. Usinipake maua.”

Binti akatafsiri, akitazama kitambaa cha meza. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Akauliza swali.

“Anauliza umeanza kujifunza lini.”

“Wiki hii.”

Mwalimu akasema tena, safari hii kwa kirefu, huku akimwangalia Chachu na si binti.

“Anasema watoto wanaozika kosa amewafundisha wengi. Wanaolifukua wenyewe, wachache.” Binti akaanza kupumua. “Lakini...”

“Lakini nini?”

“Lakini anasema wote aliwaandikisha upya.”

Mwalimu alikuwa amekwisha kukunja mikono ya blauzi. Akaonyesha kwa ishara: ule mfuko, uletwe. Chachu akaenda jikoni, akarudi na mfuko na trei. Wakasogeza sahani. Mwalimu akasimama begani kwake, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vidogo, mkono ule mnene kama kitoto cha mbuyu, na wakaanza. Kwenye kitone cha kwanza tu akagonga ulimi: kilikuwa kimelala, kilitakiwa kiiname. Wakarudia. Paa: ndoano fupi mno. Wakarudia.

“Mshike sawasawa, mwalimu,” mke wa Chachu akasema. “Huyo ni mkaidi, mimi nina miaka naye.”

Bwana Pampu akatafsiri hilo upesi kuliko alivyowahi kutafsiri kitu, na Mwalimu akacheka kwa sauti, akaongeza jambo.

“Anasema wa kwake naye alikuwa hivyo hivyo,” kijana akasema, kisha akalielewa mwenyewe. “Anasema mimi.”

Walipofika kwa mwanamke, Chachu akashusha goti, akashusha mteremko, akasimama. Mwalimu akauachia mkono wake kabisa. Chachu akalaza mlalo peke yake, kutoka kushoto kwenda kulia, juu ya wenzake wote wawili, na ulipopita kwenye mikato ulijikunja kidogo mara mbili, kama mtu anayevuka vizingiti. Mwalimu akapiga kofi moja.

Halafu akauchukua mfuko. Alitaka na yeye ajaribu. Akaushika kama watu wote wasiojua wanavyoushika, tumboni, akaukamua kwa nguvu za ualimu wote, na krimu nyekundu ikatokea nyuma, ikampanda mpaka kwenye kiwiko.

“Hapana, hapana!” Chachu alipaza sauti, kana kwamba kwa kelele Kiswahili kitafahamika. “Sokota juu kwanza! Halafu ufinye kutokea nyuma, mwalimu, siyo tumboni! Tumboni ukifinya unaua mtu!”

Akamshika kifundo cha mkono, akausokota mfuko, akauweka mkono wake mdogo mahali pake. Mwalimu akasema kitu kwa kukunja uso.

“Baba, anasema...”

“Nimemsikia.”

“Hujui Kichina!”

“Kasema huu mfuko una kiburi.”

Binti akamgeukia Bwana Pampu. Kijana akakuna kichwa. “Karibu na hivyo,” akakiri.

Wakaendelea wawili wale, mmoja akifoka kwa lugha yake, mwingine akifoka kwa yake, trei ikijaa amani zilizopinda na zilizonyooka, na hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na watu wengine mezani. Binti alijaribu kutafsiri mara moja tena, akaoneshwa kiganja na wote wawili kwa pamoja.

“Mimi nina njaa ya keki,” mke wa Chachu akatangaza, akachukua kisu.

Hapo Mwalimu akashtuka. Akamzuia kwa upole, akachukua kisu mwenyewe, akakata kipande kilichobeba ule mlalo mnene, wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akakiweka kwenye sahani, akakisukuma mbele ya Chachu.

“Anasema,” binti akatafsiri, akishindwa kujizuia, “mwenye kosa ale kosa lake.”

Chachu akala. Krimu ilikuwa ya safu mbili, nzito, tamu mpaka meno yalilia, na rangi ikampaka midomo kama bibi harusi. Mkewe akafuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kitenge. Mwalimu hakucheka. Alimsimamia, mikono imefungwa nyuma, akihakikisha hakiachwi kitu, mpaka kijiko kilipogonga sahani tupu.

Ndipo akaikwangua trei ikabaki safi, akaiweka mbele ya Chachu, akaigonga kwa kidole, akasema neno moja fupi.

Binti hakutafsiri. Chachu akajifuta kwa mgongo wa mkono, akavuta kiti karibu, akashika mfuko.